Zamu ya Maji: Bweni Linavyomfundisha Uongozi Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Maji ya korido yetu yalikuwa na tabia za mwizi. Yanakuja saa tisa usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri yameshaondoka. Ukilala, umekosa. Wiki ya kwanza kila mtu alitegesha simu imwamshe, na ukitoka chumbani unakuta watu arobaini na ndoo zao wanagombea koki mbili. Wiki ya pili tukaanza kupanga ndoo tangu saa nne usiku: ndoo zinakesha kwenye foleni, wenyewe tumelala. Wiki ya tatu ndoo mbili zikayeyuka, na vijana wawili nusura wakunjane mashati.

Kesho yake juu ya koki kulikuwa na karatasi ya daftari, imebandikwa kwa plasta ya kidonda maana selotepu haikuwepo. Vyumba ishirini na vitatu, watu arobaini na sita. Kila usiku vyumba vinne viamke, viwajazie wengine wote. Ukipiga hesabu, unaamka mara moja katika siku sita badala ya kila siku. Aliyeiandika alikuwa kijana mmoja kutoka Kasulu, wa chumba cha mwisho, ambaye mpaka siku ile wengi tulikuwa hatujawahi kuisikia sauti yake. Hakuweka jina. Chini aliandika tu: "Asiyekubaliana aje chumba 23 tuongee."

Walikwenda watatu. Wawili walirudi wamekubali. Wa tatu alirudi na ratiba mpya, kwa sababu alikuwa na hoja: wanaosoma uhandisi wana kipindi saa moja Jumatatu asubuhi, kwa hiyo wasipangwe usiku wa Jumapili. Yule wa Kasulu alikata, akaandika upya, akabandika tena. Ratiba ile ilidumu mwaka mzima.

Nimekuwa nikiikumbuka karatasi ile kila ninaposikia chuo fulani kimefanya semina ya "kuwajengea uwezo wa uongozi" wanafunzi wapya: nusu siku ukumbini, mzungumzaji mwenye suti, maji ya chupa, na cheti cha ushiriki cha kuweka kwenye faili. Sina ugomvi na semina. Ila ukimuuliza mtu aliyemaliza chuo ni wapi alijifunza kuongoza watu, mara chache atakutajia ukumbi. Atakutajia chumba. Na swali la kwa nini chumba, na kwa nini vyumba vingine havifundishi chochote, lina mafundo mengi kuliko linavyoonekana.

Fundo la kwanza ni neno lenyewe. Kwa Mtanzania aliyepita shule za kawaida, kiongozi wa kwanza aliyemfahamu, ukiacha mwalimu na mzazi, ni monita anayeandika majina ya wapiga kelele. Kazi yake ni kusimama mbele na kipande cha karatasi. Karatasi inakwenda kwa mwalimu, mwalimu anakuja na fimbo. Ukipanda sekondari, hasa ya bweni, unakutana na ukoo mzima: kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa usafi, wa chakula, wa bweni, wa taaluma, na yule mgonga kengele ambaye usingizi wa watu mia nne uko mkononi mwake. Hata pale wanafunzi wanapopiga kura, majina huwa yamepita kwanza ofisi ya walimu. Kwa hiyo tunakua tukijua kwamba uongozi hushuka kutoka juu, na kwamba kiongozi ni mtu wa wakubwa aliyewekwa katikati yetu. Anayeupenda anajifunza kuamrisha. Asiyeupenda anajifunza kujificha.

Juu ya hapo kuna jeshi. Tangu mwaka 2013 mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yalirudishwa kwa wahitimu wa kidato cha sita, baada ya kusimama kwa karibu miaka ishirini, na baadhi ya wanaoingia chuo huwa wametoka kambini miezi michache tu nyuma. Kambi inafundisha mengi mazuri: kuamka, kuvumilia, kutokumwacha mwenzako nyuma. Lakini nayo inafundisha kwamba mtu hutembea kwa sababu afande amepuliza filimbi.

Sasa mchukue kijana huyu umweke chuo kikuu mwezi Oktoba. Hakuna kengele. Hakuna afande, hakuna patroni wa kupiga teke mlango saa kumi na moja. Mlezi wa bweni yupo, ila ana mamia ya watu, na ofisi yake hufungwa jioni, saa ambayo matatizo ndiyo kwanza yanaanza. Ombwe hilo watu hulijaza kwa namna mbili. Wachache, waliokuwa viranja, wanaendelea kuamrisha mpaka siku watakapoambiwa "mkuu, hapa kila mtu amekuja na namba yake ya usajili." Walio wengi hunyamaza. Taa ya choo imeungua, wanatembea na tochi ya simu. Sinki limeziba, wanahamia sinki la korido ya juu. Sio kwamba hawaoni. Wanangoja mwenye mamlaka. Miaka kumi na mitatu ya shule imewafundisha kungoja.

Yule wa Kasulu hakungoja, na hakuamrisha. Hakuwa na cheo cha kumwezesha kumlazimisha mtu yeyote aamke saa tisa. Alichokuwa nacho ni mpango uliokuwa na nafuu kwa kila mtu, na mlango wa kwenda kuupinga. Kiranja hajui kufanya hivyo, maana hajawahi kuhitaji. Na mazoea ya kiranja hayamtoki mtu kwa mhadhara mmoja. Humtoka pale anapolazimika kupata anachokitaka kutoka kwa watu ambao hawezi kuwaadhibu wala kuwakimbia.

Hapo ndipo bweni linapoingia. Darasani ukigombana na mtu unahamia kiti cha mbali. Bwenini uliyegombana naye anakoroma mita moja kutoka kichwani mwako, na kesho atakuazima pasi. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Alexander Astin, alitoa mwaka 1984 hoja ambayo wasimamizi wa mabweni wa nchi nyingi wanaitumia mpaka leo: mwanafunzi hubadilika kwa kadiri ya muda na nguvu anazoweka katika maisha ya chuo, na mambo yanayomzamisha humo, kuishi chuoni likiwa mojawapo, humbadilisha zaidi. Miaka tisa baadaye, baada ya kufuatilia wanafunzi wa vyuo vingi, alisema jambo kali zaidi: katika miaka ya shahada ya kwanza, hakuna kinachomuumba mwanafunzi kuliko wanafunzi wenzake. Si mtaala, si mhadhiri. Wenzake.

Wamarekani wanalichukulia jambo hilo kwa uzito. Katika vyuo vyao vingi, kila ghorofa ya bweni huwa na mwanafunzi wa mwaka wa juu anayelala humo humo, mara nyingi kwa kupewa chumba bure, na kazi yake ni kuwajua waliomzunguka kwa majina na kuwasuluhisha kabla mambo hayajafika ofisini. Ni mtu aliyepita njia ile ile mwaka juzi.

Kwetu hesabu inakwenda kinyume. Vitanda ni vichache kuliko watu, kwa hiyo vyuo vingi huwapa kipaumbele wanafunzi wapya, kwa huruma ya haki kabisa: mgeni wa jiji asianze maisha kwa kutafuta dalali. Akifika mwaka wa pili anatoka, anapanga geto mtaani. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utawakuta Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza. Matokeo yake, ambayo sidhani kama kuna aliyeyakusudia, ni korido nzima ya watu wenye umri mmoja na ujinga mmoja. Hakuna wa kukwambia koki ya kushoto huanza kutoa maji kabla ya ya kulia. Kila Oktoba bweni linazaliwa upya, halina kumbukumbu.

Ukubwa nao si mchezo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, kwenye chuo hicho hicho, zilizofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yaliyojengwa kulaza wanafunzi 3,840. Gawanya: watu 192 kila jengo. Ni wengi kuliko nyumba kumi za balozi yeyote. Mtaani, watu wengi kiasi hicho wana balozi, wana mjumbe, wana mzee wa msikiti na mama wa jumuiya, yaani tabaka zima la watu wasiolipwa ambao kazi yao ni kujua nani kagombana na nani. Jengo la wanafunzi wapya lina mlinzi getini na namba ya simu ya dharura.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Kule kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza huandikishwa kwenye hall, yaani bweni lenye jina lake, hata kama analala mtaani, na anabaki wa hapo mpaka anahitimu. Wa Lumumba ni wa Lumumba, na wa Lumumba ana undugu wa kijadi na akina dada wa Mary Stuart. Kuna wimbo, kuna viongozi wa hall, kuna wazee waliomaliza zamani wanaojua majina ya viongozi wa leo. Mgeni anapoingia anakuta nyumba ina wenyewe. Utaniambia utamaduni huo una ukorofi wake, na kweli unao, mwingine wa kuharibu mali na kuumizana. Lakini mtu wa mwaka wa kwanza pale hujifunza uongozi kama mtoto anavyojifunza kupika, kwa kusimama karibu na anayepika. Wetu wanapewa jiko tupu.

Wanachojifunza jikoni humo, wakijifunza, huanza na kitu kidogo kinachoshinda hotuba zote: kulisema jambo kabla halijaoza.

Chukua kubebana. Kwa asiyejua, kubebana ni mwenye kitanda kumchukua asiye na kitanda wakalala pamoja kinyume cha utaratibu. Kenya wana neno lao, Uganda wana lao, uhaba ni ule ule. Rumeti wangu alimleta mwanakwao mwezi wa kwanza, "kwa siku mbili tu, mpaka apate geto." Siku ya kumi na moja alikuwa bado yupo, ana mswaki kwenye kikombe chetu, na anapiga simu kwa mchumba wake saa saba usiku kwa sauti ya kunong'ona ambayo ni mbaya kuliko sauti ya kawaida. Mimi nilikuwa nimenuna tangu siku ya nne. Nilifanya tunachofanya wote: nilifunga mlango kwa nguvu kidogo, nilijibu kwa mkato, nikalalamika kwa chumba cha jirani. Rumeti alijua nimenuna, naye akanuna kwa kununiwa.

Aliyefungua fundo hilo ni jirani wa chumba cha kumi na mbili, kijana wa sheria. Alikuja jioni na mihogo ya kukaanga ya mia tano tano, akakaa kitandani kwangu, akamwambia rumeti mbele yangu, "Mwanangu, huyu mwenzako ana neno. Mwambie." Akanigeukia. Ikabidi niseme. Nikasema: "Mkuu, ndugu yako tumempokea, hana tatizo. Ila mimi nina jaribio Alhamisi na silali. Tupange siku ya mwisho, au tupange saa ya simu." Rumeti akacheka kwa aibu, akasema alikuwa anaogopa nitakwenda kumshtaki. Tukapanga yote mawili. Jumapili mgeni akahama, na mpaka leo ni rafiki yangu kuliko rumeti mwenyewe.

Nimeitazama sana ile mihogo. Yule wa sheria hakutoa hukumu, wala hakunisemea. Alichofanya ni kutengeneza dakika tano ambazo ilikuwa vigumu kunyamaza kuliko kusema. Huo ni ufundi, na unafundishika, lakini hakuna atakayeujua kwa kuandikiwa ubaoni kwamba "kiongozi bora ni msuluhishi". Utaujua kwa kuwa umewahi kununa siku saba na kuona hasara yake.

Kitu cha pili kinachofundishwa na bweni kinauma zaidi, nacho ni fedha. Mwezi wa pili koki zetu mbili zilichakaa, moja ikawa inavuja usiku kucha. Tuliripoti, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri wiki tatu. Nikajitolea kuchangisha, elfu moja kila kichwa, watu arobaini na sita. Bumu lilikuwa limetoka juzi yake, na siku za bumu watu huwa na roho nyepesi. Kwa asiye wa Tanzania, bumu ni fedha ya chakula na malazi ya wenye mkopo wa serikali, hutoka kwa mafungu, na kila fungu lina siku zake tatu za ufalme na wiki zake za maharage. Ndani ya usiku mmoja nilikuwa na Sh 46,000 kwenye simu.

Koki mbili, Sh 24,000. Fundi, Sh 15,000. Zikabaki 7,000. Nauli ya kwenda kununua ilikula 3,000, soda na chapati za fundi 2,000, na 2,000 za mwisho, nikisema ukweli, sikumbuki. Nadhani niliweka vocha kwa ajili ya kumpigia fundi. Risiti ya koki niliipata, nikaitumbukiza mfukoni, suruali ikafuliwa.

Maji yakatoka vizuri, hakuna aliyesema asante, na sikutarajia. Baada ya siku nne nikasikia kwenye kundi letu la WhatsApp mtu ameandika: "Ila koki za elfu ishirini zimetugharimu arobaini na sita, nchi hii bwana." Vikafuata vikaragosi vya kucheka, ishirini na kitu. Nilitetemeka. Niliandika aya ndefu ya kujitetea, na kila sentensi niliyoongeza ilinifanya nionekane mwizi zaidi. Nilisema nauli, wakauliza kwa nini hukupanda daladala. Nilisema soda, wakauliza fundi ni mgeni wa heshima?

Kijana wa Kasulu alinikuta nimejilaza. Hakunipa pole. Alisema, "Ungebandika karatasi." Ni hilo tu. Kwamba siku ile ile ningeandika zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, nikabandika mlangoni pangu kabla mtu hajauliza, hata zile 2,000 nisizozikumbuka ningeandika "vocha" na zingepita. Watu hawakuwa wanadhani nimeiba. Walikuwa hawajui, na asiyejua hujaza pengo kwa lile analolijua kuhusu viongozi kwa ujumla.

Nilirudisha 2,000 kutoka mfukoni, nikabandika karatasi siku ya sita, imechelewa lakini imekamilika. Tangu hapo, kila mchango wa korido ulikuwa na karatasi. Nimefanya kazi za watu na bajeti kubwa kuliko koki mbili, na sijawahi kupata somo la uwajibikaji lililoniingia kama zile elfu saba. Somo hilo lilikuwa rahisi kwa sababu fedha ilikuwa ndogo na aibu ilikuwa ya korido moja. Mtu akilikosa hapo atalipata ukubwani, kwenye fedha za wananchi, na huko ada ya kujifunza hulipwa na wengine.

Basi kama bweni ni shule nzuri hivyo, kwa nini vyuo havilitumii kwa makusudi? Sehemu ya jibu ni uhaba na uchovu wa watumishi. Sehemu nyingine ni historia, na hii haisemwi sana kwenye semina.

Viongozi wa wanafunzi wamewahi kuzitikisa serikali zetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda jeshi la kujenga taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, maana walikuwa wamemgusa kwenye ukweli kuhusu mishahara ya wakubwa. Miaka michache baadaye Mlimani kulikuwa na chama cha wanamapinduzi wa Kiafrika, USARF, mwenyekiti wake kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Kikapigwa marufuku mwaka 1970. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii dhidi ya nyongeza za marupurupu ya wabunge na viongozi. Mamia wakafukuzwa, chama chao cha DUSO kikafutwa, ikaletwa jumuiya nyingine ya wanafunzi, MUWATA, chini ya mbawa za chama tawala. Mwaka 1990 chuo kizima kikafungwa kwa muda. Kenya, ambako vyuo vimefungwa na kufunguliwa mara zisizo na idadi, sheria ya mwaka 2016 iliondoa kura ya moja kwa moja ya wanafunzi wote katika kuwachagua viongozi wao wa juu, ikaweka wajumbe wa kuwachagulia.

Ukiwa mshauri wa wanafunzi uliyekulia katika hadithi hizo, ni kawaida kuwatazama watu arobaini na sita waliojipanga na kuona mgomo wa kesho. Kwa hiyo uongozi wa wanafunzi hupewa umbo la kupendeza lisilo na uzito: kuna rais, waziri mkuu, mawaziri, spika, kampeni za mabango na muziki, na maamuzi machache sana mikononi mwao. Mwanafunzi mpya anatazama sinema hiyo na kujifunza kwamba uongozi ni kugombea. Novemba anaulizwa na waliotangulia yuko kambi ya nani. Kabla hajajua kugawa zamu ya kufagia, ameshajua kuwa chawa wa mtu.

Ajabu ni kwamba dawa ipo chuoni humo humo, chini ya pua za wote, kwenye vikundi vya dini. Nenda kwenye ibada ya vikundi vya Wakristo kama USCF, TAFES au TMCS, au kwenye darsa la MSAUD, chama cha wanafunzi Waislamu pale Mlimani, utamkuta mtoto wa mwaka wa kwanza, wiki ya nne tu tangu ashuke basi la mkoani, ameshikishwa daftari la michango, au amepewa watu watano wa kuwatembelea vyumbani, au anapanga viti vya watu mia mbili. Hakuna aliyemwuliza ana kipaji gani. Amepewa kazi ndogo yenye matokeo ya kweli, karibu yake yupo kaka au dada wa mwaka wa tatu, na akikosea anasahihishwa kwa upole, maana wote wanamwogopa Mungu au angalau wanajifanya. Nimewauliza watu wengi waliokuja kuwa mameneja na wakuu wa shule walianzia wapi. Sitaji asilimia, sikuhesabu, lakini jibu la "kwaya" limenirudia mara nyingi kuliko jibu la "serikali ya wanafunzi".

Mabweni ya wasichana yana sura yake, na ingekuwa makosa kuyapima kwa koki za wavulana. Binamu yangu alisoma chuo kingine, bweni lao liko mbali na maktaba, katikati kuna kipande cha njia kisicho na taa. Yeye na wenzake watatu walianzisha walichokiita msafara: saa nne na nusu na saa sita kamili usiku, watu wanakutana kwenye vimbweta vya nje ya maktaba, wanaondoka pamoja. Asiyekuwepo saa hiyo anapigiwa simu. Ndani ya mwezi msafara ulikuwa na watu sitini na ratiba ya wapiga simu. Uchaguzi ulipokaribia, vijana wa siasa wakamfuata: "Dada, wewe una watu, njoo uwe makamu." Akawauliza rais ni nani. Wakamtajia jina la kijana ambaye alikuwa hajawahi kumwona. "Yeye ana watu wangapi?" Wakacheka, wakaenda kutafuta makamu mwingine. Nimeona tiketi nyingi za namna hiyo, mwanamke amewekwa nafasi ya pili kama mapambo ya kura, na wengi wenye uwezo wa kweli hubaki msafarani kwa sababu huko angalau kazi inaonekana.

Kama ningepewa bweni la wanafunzi wapya nilisimamie, nisingeanza na semina. Ningeacha vyumba viwili au vitatu kila ghorofa kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokubali kubaki, kitanda bure ndiyo malipo yao. Hilo peke yake lingerudisha kumbukumbu bwenini. Kisha ningetenga kifungu kidogo cha fedha za matengenezo, kidogo kweli, cha balbu na koki na kufuli, nikikabidhi kwa korido yenyewe na sharti moja: hesabu ibandikwe mlangoni kila mwisho wa mwezi. Watakula? Wengine watakula. Tutajua ndani ya mwezi, na watakaobaini ni majirani zao, wenye kiu ya maji ile ile. Dhamana ningeizungusha kila wiki sita ili yule mkimya wa chumba cha mwisho naye aishike kabla wazungumzaji hawajaizoea.

Na ningewaacha wagombane kidogo. Hili ndilo gumu kwa walezi wema. Mlezi anayekuja mbio kutatua kila ugomvi wa taa na muziki anawarudisha watu kwa monita na karatasi yake. Kuna yanayomhusu bila mjadala: vitisho, wizi, mtu kumgusa mwenzake bila ridhaa, mwanafunzi aliyeacha kula na kujifungia. Hayo si ya kufanyia mazoezi. Lakini nani afagie Jumamosi, hilo liacheni liumize vichwa vya watu wazima wenye miaka kumi na tisa.

Tulipomaliza mwaka, yule wa Kasulu alikuwa na daftari la kaunta ambalo hatukujua kama anaandika humo: ratiba zote za maji, namba ya fundi, bei ya koki na duka lenye koki zisizochakaa, jina la mtumishi wa ofisi ya matengenezo anayepokea simu, na ukurasa mzima wenye kichwa "Mambo ya kutofanya", ambamo mimi na elfu saba zangu tulikuwa namba mbili. Hatukuwa na wa kumkabidhi, maana wanaokuja walikuwa bado kidato cha sita mikoani kwao. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akampa mlinzi wa getini, mzee mmoja aliyekuwa akituita wote "wajukuu".

Novemba iliyofuata nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Kijana ana haraka, nyuma yake nasikia ndoo zikigongana. "Shikamoo kaka. Samahani, tumepewa daftari hapa na babu wa getini. Hii koki ya kushoto mnayosema inatangulia, ni kushoto ukiwa umeitazama, au ukiwa umeipa mgongo?"